Abuja Niliyoiandika Nyuma ya Pazia

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Marahaba yako naipokea hivyohivyo kimoyomoyo, maana hata ulipokuwa hai ilikuwaga inanifikia kwa kupitia pazia, sura siioni. Kwa hiyo mie na wewe kuongea bila kuonana tumezoea, tofauti ya sasa ni kwamba wewe hujibu. Na mie unanijua, mtu asiponijibu ndo naongea zaidi.

Ni mie Somoe, mke wa mwanao Hamisi. Bado tupo palepale Mbagala Kizuiani, nyumba ileile, baraza lileile uliloliziba ufa kwa saruji aliyokuja nayo Hamisi kutoka Wazo. Bado anaendesha lori la saruji, bado anakwenda Lindi na kurudi, bado akirudi analala siku nzima kama kafiwa. Bado nauza vitumbua. Mama Jeni wa saluni naye yupo, bado ananidai maneno kila asubuhi, nikichelewa kufungua kibaraza anakuja kugonga: "Mwenzetu, leo hakuna taarifa ya habari?"

Basi baba, nina jambo. Nimekaa nalo miaka sita. Hebu fikiria, mie Somoe, ambaye siri ya mtu haiwezi kukaa kwangu mpaka chai ikapoa, nimekaa na moja miaka sita sijamwambia mume, sijamwambia mwanangu Shani, sijamwambia Mama Jeni. Ilikuwa inanikaa hapa kifuani kama kitumbua kilichomezwa kizima. Wiki iliyopita imetoka. Nimepumua baba. Nimelala usingizi hadi Shani kaja kuniangalia kama nipo mzima. Ndo maana nakuandikia, tena kwa mkono wangu mwenyewe, na utaona mbele kwa nini sikumpa Shani aniandikie.

Lakini ngoja nianze mwanzo, sio kila atakayesoma anatujua.

Ulikuja kukaa kwetu macho yalipoanza kuingia ukungu. Miaka yote ulikuwa mchongaji, vinyago vyako vimesafiri hadi nchi ambazo sie hatutazifikia. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atolewe. Ukakataa. Ukamwambia Hamisi, "Miaka arobaini nimeshika patasi mie. Sasa nikalale chali mwingine anishikie mie patasi ya jicho?" Tukacheka, lakini haikuwa ya kuchekesha, maana kuchonga kukaisha, na ukabaki na kitu kimoja tu unachokipenda. Lile fumbo la gazetini.

Mie gazeti nilikuwa nalijua la kufungia vitumbua. Wewe ndo nilikuona unalikunja vizuri, unaliweka kwapani kama hati ya kiwanja. Ile kurasa yenye vijumba vyeusi na vyeupe, unaulizwa mito, vita, washairi, miji mikuu, unajaza herufi moja kila kijumba. Na pale chini kikaratasi cha kukata, unaandika jina lako na unapokaa, unatuma. Ukipatia wanakupa fulana na kofia, na jina lako linatoka wiki inayofuata.

Fulana hukuitaka. Nakumbuka ulivyomwambia Hamisi siku ile anakutania kwamba unahangaika kwa ajili ya kofia. Ulisema, "Watu wa aina yetu gazetini tunatokaga kwa mambo mawili. Umekufa, au umeiba. Mie nataka nitoke kwa kujua, tena nikiwa hai." Mie nilikuwa jikoni, nikaacha kukoroga.

Sasa macho yamekataa, Hamisi yuko barabarani, Shani yuko bweni. Jioni moja umekaa barazani, mie nipo sebuleni kwenye mkeka, pazia la mlangoni limeshuka. Maana kwenu kusini mkamwana na baba mkwe hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mie mtu wa Rufiji, na kwetu ipo hiyo heshima ila sio ya kiwango chenu. Nilipoolewa nilichapwa darasa na mawifi siku tatu. Chakula chako nakiweka kwenye kigoda, najitenga, nakohoa, ndo unasogea. Kwa hiyo ulipoita nikashtuka.

"Somoe."

"Abee, baba."

"Unajua kusoma?"

Baba, mie nimeishia darasa la tatu. Na hilo la tatu lenyewe nilikuwa nakwenda siku mama akiwa hana kazi ya kunipa. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kila mtu mtaa mzima kwamba nimesoma mpaka la saba, hadi Hamisi nilimwambia hivyo wakati ananiposa. Sasa nikuambie wewe sijui?

"Najua, baba."

Ukalisukuma gazeti chini ya pazia na biro juu yake.

Jamani. Niliangalia ile kurasa nikaona mende wamemwagika. Neno la kwanza lilianza na SHA, nikalikazania, shaaa, shai, jasho linanitoka, wewe umetulia tu kule nje unasubiri. Nikaona aibu inakuja. Nikatunga.

"Baba, wanauliza samaki mkubwa wa baharini."

"Herufi ngapi?"

Kuhesabu najua, mie mfanyabiashara. Nikahesabu vijumba. "Nne."

"Papa."

Nikajaza. P, A, P, A. Herufi moja moja nazijua, shida yangu ni zikishikana. Nikaenda kwenye kingine. "Wanauliza mnyama mkubwa wa baharini, lakini huyu ana nane."

"Nyangumi. Leo wapo baharini tu hawa?"

"Ndo walivyouliza, baba."

"Haya."

Nikakutungia maswali kumi na tisa jioni ile. Nilipoishiwa na vitu vya baharini nikahamia mbogamboga. Mwishoni nikakuuliza mwanamke anayeacha mumewe akakimbilia kwa dada yake anaitwaje, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limetokea siku hiyohiyo mtaa wa pili nami nilikuwa nalo kichwani. Ukasema, "Fumbo la wiki hii lina mambo." Kisha ukaniambia niandike jina lako pale kwenye kikaratasi, ukanitajia herufi kwa herufi, na hilo nililiandika kwa heshima zote, nikalisukuma gazeti nje. Nikakuona kwa upenyo wa pazia unapitisha kidole gumba juu ya karatasi, polepole, kile kidole cha mchongaji kilichozoea kutafuta kosa kwenye mpingo.

"Umebonyeza sana," ukasema.

Nikadhani kidole kimesoma.

Kesho yake ukachukua fimbo yako, njia uliijua kwa miguu, ukaenda kituoni dukani kwa rafiki yako Mzee Akbarali. Huyu kwa wasiomjua ni Muhindi wetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yeye na wewe mmejuana tangu enzi baba yake ana duka la vinyago mjini na wewe unamletea. Gazeti lilikuwa lake, akishalisoma anakupa. Ulimwambia Hamisi kwamba Akbarali ana watu wanaokwenda mjini, watakutumia. Na mie nikajua basi, samaki wangu wamefika kwa mhariri.

Hapo ndo lilipoanza kunikaa kifuani.

Kila wiki gazeti linakuja, kila wiki unalisukuma chini ya pazia. Nikajitahidi baba, Mungu anaona. Nilikuwa nasoma maneno mawili ya kweli, matatu natunga. Ukinisikia nakwama unasema, "Rudia. Taratibu. Mie sina pa kwenda." Hukuwahi kusema "fanya haraka." Hata mara moja. Kuna siku nilikaa kwenye neno moja mpaka adhana ikalia, ukaenda kuswali, umerudi ukasema, "Tuliishia wapi?" na lilikuwa neno lilelile.

Lakini nilipokuwa nasoma vizuri nikawa naandika vibaya. Ukitaja neno refu, kuliandika siwezi, naona aibu kuuliza, naweka ninachokiweza kinachotosha. Wanauliza vita vilivyopiganwa kusini kati ya wenyeji na Wajerumani, herufi nane, ukasema Majimaji kwa sauti ya mtu anayetaja jina la babu yake. Mie sijui Majimaji inaanzia wapi inaishia wapi, jikoni kuna sufuria linachemka. Nikahesabu nikaandika MAHARAGE. Yakaenea. Wanauliza shairi refu linalosimulia habari za watu na mambo yao, sita, inaanza na U. Ukasema "Utenzi." Mie nikaona hiyo habari ya kusimulia watu na mambo yao naijua kwa jina jingine. Nikaandika UMBEYA.

"Imeingia?" unauliza.

"Imeingia, baba."

Na Jumatano inayofuata, gazeti jipya likija, kabla ya fumbo unaniambia: "Angalia pale juu wameandika nani kashinda." Nasoma majina, mtu wa Tabora, mtu wa Moshi, mtu wa Tanga. La kwako halimo. Nami najua kwa nini halimo. Wewe unasema, "Wiki ijayo." Mie naenda kukoroga unga nina machozi, Mama Jeni ananiuliza, namwambia moshi.

Ila kuna kitu nilikiona baadaye, wakati huo sikukishtukia. Ikishafika Ijumaa hivi, umekaa barazani, mie nafua, unaanza mwenyewe bila kuulizwa. "Somoe, unajua kule kwetu kulikuwa na vita? Watu walipakwa dawa ya maji wakaambiwa risasi ya Mjerumani ikikugusa inageuka maji." Nikaacha nguo. "Ikageuka?" "Haikugeuka." "Uwii! Wakafanyaje?" Ukanisimulia hadi povu likakauka mikononi. Na mwisho ukasema, "Ndo ikaitwa Majimaji. Maji. Halafu maji tena." Kana kwamba unamsomea mtoto.

Ningeacha vipi kuisambaza hiyo, baba? Asubuhi yake wateja walikula vitumbua vimepoa. Mama Jeni katoka na rola kichwani kuja kusikiliza. "Sasa huyo aliyewadanganya habari ya maji yuko wapi?" Nikamwambia, "Walimnyonga." "Heee! Mbona hujaniambia mapema?" Kama ni jambo la jana.

Basi nikagundua kumbe kichwa changu sio kibovu, kilikuwa hakijapewa umbeya wa maana. Nikaanza kuyaweka yote hivyohivyo. Ziwa Tanganyika, linaringa kwa kina, Afrika nzima hakuna linalolifikia, Viktoria mkubwa wa umbo tu. Ethiopia kamnunia Misri kwa ajili ya maji ya mto. Kila nchi nikaijua amegombana na nani, mji wake mkuu ni upi na wamehama lini. Mama Jeni akawa ananiita Mwalimu kwa kejeli. "Mwalimu Somoe, wa kwangu nyumbani anachelewa kurudi, hilo nalo lipo kwenye fumbo?" Namwambia, "Lipo, na herufi zake nazijua, ila sitaki kukuvunjia nyumba."

Mwaka haujaisha, nikawa nasoma bila kuweka kidole. Hukuwahi kusema kitu. Ila zile "rudia, taratibu" zikapungua, zikaisha, na siku moja nimesoma swali refu mistari miwili bila kukwama, nikasikia kule nje umecheka peke yako kwa puani.

Halafu ikaja Jumapili ile.

Gazeti lilikujaga Jumatano siku zote, ile wiki likaja Jumapili mchana. Sikujiuliza. Ukalisukuma, ukasema, "Leo soma vizuri mwanangu. Hili nataka litoke." Sauti yako ilikuwa na kikohozi. Tukajaza. Baba, siku ile tulikuwa moto. Kuna swali la mto unaotutenganisha na Msumbiji, ukacheka, "Wananiuliza mie mto niliooga?" Ruvuma, nikaiandika kwa kushuka chini, safi, herufi sita hakuna iliyopinda. Likabaki moja. Mji mkuu wa Nijeria, herufi tano.

"Lagosi," ukasema. "L, A, G, O, S."

Mkono wangu ukasimama.

Kwanza, kile kijumba cha katikati kilikuwa tayari kimeshikwa na U ya Ruvuma yako. Ili Lagosi ikae, nivunje mto wako. Pili, Lagosi sio. Nilijua sio. Nilijua kwa sababu saluni kwa Mama Jeni kutwa zinaoneshwa filamu za Kinijeria, na mle kila tajiri mwenye kesi anakwenda Abuja kumwona waziri. Sio Lagosi. Lagosi wanakwenda kula bata, serikali iko Abuja. Walihama, kama sie tulivyohamia Dodoma halafu watu wa Dar tukajifanya hatujasikia. Nikahesabu. A, B, U, J, A. Tano. Na U imekaa katikati palepale inasubiri.

Sasa nikuambieje? Kwenu mkamwana hambishii baba mkwe. Hata kusema "samahani baba" ni kumkatiza. Mawifi walinifundisha, akisema jua limechomoza magharibi, anika nguo. Na hapo hapo naijua hamu yako ya miaka. Nikiandika ulivyosema, umekosa. Nikiandika ninavyojua mie, wa darasa la tatu, wa filamu za saluni, na ikawa nimekosea, basi safari hii sio maharage ya kutojua, nitakuwa nimeiba jibu la mzee mkononi mwake.

"Imeingia?"

Nikaandika ABUJA.

"Imeingia, baba."

Nikaandika jina lako, nikasukuma gazeti. Ukapitisha kidole gumba kama kawaida yako. Ukaondoka na fimbo yako jua la saa kumi. Jumatatu asubuhi tukakukimbiza hospitali. Alhamisi tukakuzika.

Msibani, nipo na wanawake uani tunachambua mchele, shangazi mmoja akasema, "Kaka yangu kafa na hamu moja tu, jina lake litoke gazetini." Nikainuka nikaenda kujifungia chooni. Nikasema, ni mie. Mwaka mzima nimemchezea mzee na masamaki, na siku ya mwisho anayoniambia hili nataka litoke, nimempindua neno. Labda Lagosi ndo ilikuwa jibu lao. Labda mhariri naye mtu mzima, hajasikia habari za kuhama. Tangu hapo gazeti sijashika. Vitumbua nikahamia kwenye mifuko ya karatasi ya kununua. Mama Jeni akadhani nimepata mtaji.

Sasa wiki iliyopita, baba.

Pazia limechakaa, Shani ana wageni wa posa wanakuja, nikaenda kituoni kununua fimbo ya pazia. Duka la Mzee Akbarali. Sijawahi kuingia humo tangu ufe, nilikuwa napita upande wa pili wa barabara nimejitanda. Siku hiyo nikajikaza. Kumbe yeye sura yangu haijui, nyumbani alikuwa anakuja anakaa na wewe barazani, mie ndani. Msibani alikaa na wanaume. Akaniuliza fimbo ya urefu gani, nikamwambia ya mlango wa sebuleni, nyumba ya Hamisi wa malori.

Akaweka miwani juu ya kipara. "Ya Hamisi, mtoto wa mzee mchongaji?"

"Ndiyo."

"Wewe ndo Somoe wa pazia?"

"Ndo mie, shikamoo."

Baba, yule mzee alikaa chini. Akaanza kucheka, hana sauti, mabega tu yanaruka, machozi yanamtoka. Akasema, "Maharage!" Akashindwa. Akajaribu tena. "Vita vya Maharage! Mama, wewe ndo uliandika Vita vya Maharage!"

Nikasema leo ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Mzee Akbarali, nisamehe, nilijua tu hamjawahi kushinda kwa ajili yangu."

Akaacha kucheka. "Kushinda nini?"

"Fumbo. Si mlikuwa mnatuma."

"Tulikuwa tunatuma wapi? Gazeti la Jumapili nampa Jumatano. Mwisho wa kutuma Jumanne. Hujaona tarehe pale juu?"

Baba. Tarehe! Mwaka mzima nasoma kila kijumba, tarehe sikuwahi kuitazama. Nani anatazama tarehe ya gazeti? Mtu wa vitumbua anatazama kama ni kavu.

Akaingia ndani, akatoka na boksi la bawaba. Zimo zote. Kurasa zote, zimekunjwa mara nne, papa na nyangumi juu kabisa. Akaniambia mlivyokuwa mnafanya. Unakuja na kurasa yangu, anafunga nusu mlango, anakusomea nilichoandika, mnacheka hadi wateja wanaondoka. Ukishacheka unasema, "Haya. Maneno yapi kakosa?" Anakutajia. Unakaa, unafikiri namna ya kuniambia bila kuniambia. Ndo zile hadithi za Ijumaa. Alikuuliza kwa nini humwambii tu mtoto wa watu kwamba ni mchezo. Ukamjibu, "Mchezo ataacha. Kazi ya baba mkwe mkamwana haachi."

Nikakaa kwenye ndoo ya rangi. Miaka yote hiyo nilidhani nakusomea.

"Na ile ya mwisho?" nikamuuliza. "Ile ya Jumapili. Aliyosema anataka itoke."

Hapo na yeye akabadilika uso. Akavua miwani akaifuta. Akasema ile kweli mliitaka itoke. Wewe ulimwambia, "Sasa anaweza, nunua la leo." Mkakaa dukani jioni ile, anakusomea, unaitikia kwa kichwa, kila neno sawa, hadi mkafika Nijeria. Akasoma Abuja. Ukasema, "Soma tena." Akasoma tena. Ukasema, "Mie nimesema Lagosi." Akakuambia, "Rafiki yangu, Lagosi ilikuwa zamani. Walihama hawa. Mkwe wako yuko sawa, wewe umekosa."

Nikamuuliza, "Alikasirika?"

"Alikasirika? Alipiga meza! Akasema, 'Kanisahihisha! Na adabu yake yote, ananiambia imeingia baba, kumbe kanisahihisha!' Alifurahi huyu, mie sijamwona hivyo tangu kijana. Halafu akasema, 'Akbar, lete kalamu. Futa jina langu.'"

Akanifunulia ile kurasa. Ipo baba. Kwenye kikaratasi cha chini, mwandiko wangu, jina lako, limepigwa mstari mmoja wa rula. Juu yake mwandiko wa Mzee Akbarali, mzuri wa kihasibu: Somoe Mfaume, Mbagala Kizuiani.

Sikulia pale dukani. Nilisema "Heee" tu, kama mara saba.

Yeye ndo alilia. Kumbe na yeye alikuwa na la kwake. Ilikuwa aitume Jumatatu asubuhi, Jumatatu akapigiwa simu uko hospitali, akafunga duka akaja kukaa na wewe, Jumanne ikapita. Akasema, "Kazi ya mwisho kunituma rafiki yangu, nikashindwa." Miaka sita ananiogopa mie, na mie napita upande wa pili wa barabara namwogopa yeye. Nikamwambia, "Mzee, ungeituma, ingetoka Somoe Mfaume, Hamisi angeniuliza gazetini umeibia nani." Akacheka tena. Fimbo ya pazia akakataa nisiilipie, akaninyooshea mkono kunipa nikaona aibu kuipokea mkono kwa mkono, naye akaelewa, akaiweka kaunta, akageuka pembeni kidogo, akakohoa. Kama wewe.

Nimerudi nyumbani nimewaambia wote. Hamisi nimemwambia na la darasa la tatu pia. Akasema, "Nalijua tangu tunafunga ndoa, ulisaini cheti kwa kuchora." Mama Jeni nimemwambia ya Abuja imetoka saluni kwake, sasa anataka na yeye aitwe Mwalimu. Shani kabandika kurasa ile ukutani pembeni ya pazia jipya, tukalitazama fumbo lote, kulia na chini. Hakuna kosa. Nimepumua, baba. Ni kama mtu amenivua kiatu kilichobana miaka sita.

Ila lipo moja halijakaa sawa. Wewe ulifuta jina lako. Hukuniuliza, na nisingeweza kukubishia. Sasa umekufa, na mawifi hawakunifundisha kama marehemu naye habishiwi, kwa hiyo nakubishia. Jumapili hii nimenunua gazeti, la leo, nimetazama tarehe mara mbili. Fumbo sijaligusa. Nimeangalia kule nyuma wanapotoa barua za wasomaji, wameandika unaweza kuandika juu ya mtu yeyote, ila jina litimie. Jumanne sitasubiri, kesho asubuhi Shani ananipeleka nikaikabidhi barua hii mwenyewe, mlangoni kwao.

Kwa hiyo wahariri, mkiitoa hii nawaomba jina msilikate. Hakufa jana wala hakuiba. Alikuwa anajua, na alichokijua alikipitisha chini ya pazia hadi kikafika. Anaitwa Saidi Ismaili Chitanda, mchongaji, wa Mbagala Kizuiani.

Imeingia, baba.

Mimi mkamwana wako,
Somoe